Siku Mama Alipocheka Antwerpen

Kila ninapopita Point, karibu na bandari ya Durban, jioni, upepo ukichanganya harufu ya mafuta ya chipsi na moshi wa meli, najikuta nimesimama kabla sijakumbuka kwa nini. Wenzangu wa South Beach, mtaani kwetu, hudhani nina njaa. Kumbe niko mbali, Antwerpen, Ubelgiji, kando ya mto wenye rangi ya chai ya maziwa, nina miaka kumi na mmoja na nimevaa koti la kuazima linalonipita magoti.

Mimi na mama tulikuwa tumetoka Durban kwenda kwenye harusi, tukafikia kwa Tantine Aline, mdogo wake mama, aliyekuwa akiishi kule tangu kabla sijazaliwa. Harusi ilipokwisha, Tantine aliomba ruhusa kazini ili atutembeze mjini. Mama hakuwa mtu wa matembezi. Durban alisuka nywele za watu saluni tangu asubuhi hadi giza, na Jumapili ilikuwa ya kanisa. Hata ufukweni, ng'ambo ya barabara tu, alishuka siku za ubatizo basi.

Asubuhi ile, mama akiwa bafuni, simu ya Tantine ililia jikoni. Niliitambua sauti ya mjomba wa Bukavu, kwetu Kongo. Tantine hakupiga kelele. Alifungua bomba, akaosha kikombe kilichokuwa kisafi, kisha akakiosha tena. Halafu akaniinamia.

"Bibi ametutoka. Mama yako asijue mpaka jioni, wazee wa kanisa langu watakuja."

Kwetu ndivyo ilivyo. Habari ya kilio haitupiwi mtu akiwa amesimama. Husubiriwa ale, aketi, azungukwe na watu wa kumshika. Wazee walikuwa kazini, na kumfungia mama ndani kutwa nzima kungemfanya aulize maswali. Kwa hiyo tukatoka kutembea.

Tantine alituongoza kama mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Alituonyesha stesheni yenye dari la juu kiasi kwamba mama alishusha sauti kama yuko kanisani. Kwenye uwanja wa zamani palikuwa na sanamu ya kijana anayerusha mkono uliokatwa. Tantine alisimulia kwamba zamani jitu la mtoni liliwakata mikono mabaharia waliokataa kulipa ushuru, mpaka kijana yule akalikata na lenyewe. Kwenye dirisha la duka la jirani zilipangwa biskuti zenye umbo la mkono.

Kila mtoto wa Kikongo amesimuliwa habari za mikono iliyokatwa kwetu enzi Wabelgiji walipowalazimisha watu kugema mpira. Mama alizinyooshea kidole biskuti zile.

"Aline, hawa watu na mikono ya wengine, bado hawajashiba?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Tantine alipangusa machozi kwa kiganja, nami nikamchukia. Niliwaza, huyu anawezaje.

Tukashuka kwenye handaki la waendao kwa miguu chini ya mto, kwa ngazi za mbao zinazojiendesha zikilia kama kitanda kikuukuu. Chini kulikuwa na baridi ya kisima. Mama aliniuliza mbona nimenyamaza, naumwa? Nilikaribia kumwambia. Nikasema ni baridi. Akavua skafu yake, akanifunga shingoni, ingali na joto lake.

Ng'ambo ya mto tulinunua chipsi zenye mayonezi. Tantine alichukua simu ya mama, akampiga picha, kinywa wazi kwa kicheko, mnara wa kanisa kuu nyuma yake. Tantine alipokwenda kutupa karatasi, mama aliiweka picha ile kwenye status ya WhatsApp na kuandika, "Mungu ni mwema." Nilimwona akiandika. Nilijua kwamba Bukavu watu walikuwa wamekwisha kukaa matanga. Nikaikaza skafu yake shingoni.

Jioni wazee walikuja, wakamkalisha, wakamwambia. Alipomaliza kilio cha kwanza alichukua simu, akakuta binamu yake amemjibu kutoka msibani: "Endelea kufurahi, dada."

"Uliniacha nicheke," mama alimwambia mdogo wake.

"Nilitaka upate hata siku moja, Yaya," Tantine alimjibu dada yake.

Kwa miaka niliubeba mzigo wa picha ile. Hata hapa Durban, akina mama wa kanisani kwetu waliizungumzia chini chini. Mwaka jana, nikiwa nimetoka chuoni Westville kuja kula nyumbani, nilimwambia mama kwamba nilikuwa najua, na kwamba mle handakini nilikaribia kusema. Aliendelea kuchambua mboga.

"Mimi nililia nikiwa nimeshikwa na wazee," alisema. "Aline alishikwa na nani?"

Kwangu bibi alikuwa mama yake mama, basi. Wazee walipomzunguka mama sebuleni, Tantine alikuwa jikoni akiwachemshia chai. Kutwa nzima, katika matembezi yale yote, mtu pekee aliyekuwa kando ya Tantine Aline akijua kwamba amefiwa na mama yake alikuwa mimi, na nilishinda nimemnunia.