Treni Niliyomtazamia Bibi

Enzi zetu, mtoto wa Ipole hakwenda Tabora mjini kujitembelea tu. Alitumwa. Bibi yetu, mama yake Baba, alikuwa haoni tena, na alikuwa na hamu ya kujua kila kitu. Baba yake alikuwa mpagazi wa misafara ya pwani, na kila aliporudi alimsimulia binti yake njia nzima, hadi rangi ya mbwa aliowakuta. Basi Bibi alizoea kusimuliwa. Mwaka Baba alipouza asali vizuri akasema twende sote mjini tukashangae, Bibi alitugawia kazi. Dada Rehema amtazamie milango ya nakshi ya tembe la Kwihara, ile nyumba ya kale. Mimi nimtazamie treni.

"Uitazame vizuri," aliniambia. "Mimi naisikia kwa watu tu."

Kwihara tulifika mapema, Rehema akapapasa kila ua la mlango hadi mlinzi akamkoholea. Kisha sokoni, harufu ya dagaa wa Kigoma na maandazi ya moto, mimi nikiuliza hiki nini, kile nini, mpaka Mama akachoka. Mtaa wa Gongoni ndiko nilikoharibu. Mbele ya duka la nguo alisimama mama wa Kizungu, gauni la njano, katulia. Nikamwamkia: "Shikamoo." Kimya. Nikarudia kwa sauti, nikasubiri marahaba yangu. Nilipoona hapepesi macho nikamgusa kidole: kigumu, baridi. Nikainama kutazama miguu, nikakuta chuma kimoja tu! Nilimzunguka yule mama sijui mara ngapi, na wenzangu walikuwa wamekwishanipoteza, wananitafuta duka kwa duka.

Stesheni tulikuta reli tupu na mtu anafagia. Treni ilikuwa imeondoka.

Nyumbani Bibi alikuwa amekaa tayari kwenye mkeka. Rehema akaeleza milango yake. Zamu yangu ilipofika, aibu ilinishika, nikadanganya. Nikasema treni ina macho mawili mekundu, na ikipita ardhi inapiga chafya. Baba alikohoa. Bibi alifurahi mno! Kila mgeni aliyekuja kwetu alisimuliwa treni inayopigisha ardhi chafya, nami nikawa nakimbilia nyuma ya nyumba, nikiomba asije mtu wa mjini akamwaibisha bibi yangu kwa uongo wangu.

Mwishowe nilishindwa. Nikamwambia, "Bibi, treni sikuiona."

"Najua. Baba yako aliniambia kesho yake."

"Mbona unawasimulia watu?"

"Ni nzuri. Sasa niambie, siku nzima ulikuwa unatazama nini?"

Nikamweleza mama wa gauni la njano, shikamoo zangu mbili na kile chuma. Bibi alicheka hadi kanga ikamdondoka. Akaniuliza maswali mpaka ugali ukapoa, na tangu siku hiyo wageni walisimuliwa habari hiyo, treni ikapumzika.

Mwezi uliopita mke wangu aliwapeleka wanetu Tabora kutembea, mimi nikabaki na mizinga yangu ya nyuki. Walikwenda Kwihara, stesheni, Gongoni, kila mahali. Waliporudi nilikuwa nimekaa tayari. Nikauliza, "Haya, mmeona nini?"

"Baba, picha si zipo? Tunakutumia."

Wakanitumia kweli, na zote nimezitazama. Treni imetoka safi, hata namba zake zinasomeka. Lakini nilikaa pale na simu mkononi, maswali yangu yote yamenijaa mdomoni, nikatamani mmoja wao aje akae mkekani anidanganye.