Nimesomea Jamii, Yangu Imenishinda

Admin, ficha jina langu kabisa. Baba hana simu ya kuingia humu, lakini binamu zangu wako, na hao wanajua kunusa.

Nina miaka ishirini na nne, niko mwaka wa mwisho chuoni hapa Lodwar, nasomea sosholojia. Nyumbani ni Kakuma. Nilipoanza, shangazi zangu walinicheka: "Masomo ya kuongea tu, hata sindano hutashika." Wacha niwaambie, yamenifaa. Nikiwa kwa mazoezi katika mradi wa kilimo kule Katilu, wenye mradi walilalamika kwamba akina mama hawasemi kitu mkutanoni. Mimi niliwafuata shambani, nikapalilia nao, wakaongea mpaka nikachoka. Nilijifunza kwamba kila mtu ana sababu yake, keti kwanza umsikie.

Sasa sikieni yangu. Nina mtoto wa kike, ana miaka mitatu. Baba yake ni Mrundi, tulijuana kwenye kwaya ya kanisa katika kambi ya wakimbizi pale Kakuma. Kwetu Waturkana, mwanamume asipoleta mifugo ya mahari, mtoto ni wa boma la baba ya msichana. Kwa hivyo binti yangu anamwita babu yake "baba", na mimi ananiita "dada". Inauma, nisiwadanganye. Na mkimbizi haruhusiwi kufuga kule kambini, atatoa wapi mifugo? Alipotaka kuleta pesa, baba alikataa: "Pesa haizai."

Juzi wazazi wa mwenzangu wakaamua kurudi naye Burundi. Akaja kwetu na mzee wa kanisa, akamsalimia baba kwa Kiturkana, "ejok", vile nilimfundisha, akaomba mtoto atambuliwe kuwa wake kabla hawajaondoka. Baba akanigeukia. "Wewe ndiye umesomea watu. Mweleze."

Nikaeleza, na nilieleza vizuri, jamani. Nikasema mifugo si bei ya mtu, ni ukoo kukubaliana na ukoo. Nikasema baba hamchukii, anamlinda mtoto asikose kwao. Baba alikuwa anaitikia kwa kichwa, anajivunia msomi wake. Mwenzangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Hayo nimeyaelewa. Na wewe mama ya mtoto, unasema nini?"

Nilikuwa nimemwelewa kila mtu pale, baba, yeye, hata mama yangu aliyekuwa analia nyuma ya nyumba. Hasira ya kunisukuma niseme langu haikuja. Elimu imenifundisha kuwaelewa watu wote, lakini haikuniambia nikishawaelewa nisimame wapi. Mwenzangu akainuka, akamshukuru baba kwa heshima zote, akaenda.

Alipofika langoni, mtoto alinivuta leso, akauliza, "Dada, yule ni nani?" Nikamwambia ni mgeni. Najua mwenzangu alisikia, kwa sababu alisimama kidogo kabla ya kufungua lango.

Mwisho wa mwezi wanaondoka. Ametuma ujumbe kwamba atapita mara moja kuaga, hataomba kitu tena. Baba ameshasema nikimtambulisha kama baba ya mtoto, nitoke kwake na mtoto nimwache. Nikinyamaza, binti yangu atakua bila kumjua mtu ambaye amefanana naye mpaka kucha.

Ndugu zangu wa humu, msinitukane, nimeshalia vya kutosha. Nipeni neno. Akija kuaga na mtoto aniulize tena yule ni nani, nimjibu nini?