Miliwati zilizomvuruga Mama Filimbi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mlango mkubwa wa ghala la nafaka unafunguliwa nusu. Mwanamke wa makamo aliyevaa koti la buluu anaingia peke yake, anagonga kengele mara mbili, na kwa sauti inayokwaruza anauliza kama kuna mtu ndani. Anauliza tena. Kisha anaufunga mlango kwa komeo, anaupa mgongo, anainua mkono juu ya kichwa na kubonyeza kitufe cha tochi ndogo.

Uzi mwembamba wa kijani unanyooka hadi kwenye mbao za paa. Njiwa waliojipanga huko wanaruka kabla nukta ya mwanga haijawafikia, wanagongana, wanatoka nje kupitia tundu lililo juu ya dirisha. Anahesabu waliobaki. Wanane.

"Usiniulize kwa nini wanaukimbia," anasema, akitoa betri kwenye kitochi chake na kuzitia mfuko mwingine. "Nimeuliza watu wanne, nimepata majibu matano."

Wachukuzi wa hapa wanamwita Mama Filimbi. Kwa miaka kumi na mmoja kazi yake imekuwa moja tu, kuhakikisha ndege hawakai juu ya magunia. Amepiga filimbi, amegonga madebe, amepaza sauti kutwa nzima, mpaka koo likagoma. Daktari alimwambia apumzishe sauti miezi mitatu. Alicheka, kwa sababu sauti ndiyo iliyokuwa ikimlisha.

Mwaka jana mnunuzi mmoja alifungua lori zima lililotoka ghalani humo, akaona magunia yamechafuliwa na kinyesi, akalirudisha. Msimamizi wa ghala hakugomba. Alimwita Mama Filimbi ofisini, akamkaribisha kiti, akamwambia ana mwezi mmoja. Ndege wasipoondoka, ataondoka yeye.

"Angegomba ningejua la kujibu," anakumbuka. "Lakini alinipa na kiti."

Alikuwa amesikia kwamba kwenye maghala mengine wanatumia tochi ya leza ya kijani. Akaomba anunuliwe. Msimamizi akakubali kutoa kiasi kinacholingana na ujira wake wa siku nne, si zaidi, akamwachia achague mwenyewe. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kumzunguka.

Duka la kwanza, muuzaji alimtandikia mezani tochi tatu nyeusi, urefu mmoja, uzito mmoja, hata alama ya kiwandani imekwaruzika pahala pamoja. Ya kwanza ilikuwa na lebo ya miliwati tano. Ya pili, mia tatu. Ya tatu, elfu kumi. Bei zilikaribiana kama ndugu.

Miliwati ni nini, aliuliza. Muuzaji akamjibu kwamba ni nguvu. Nguvu ya nini? Ya tochi. Akamuuliza naye, kwa upole kabisa, kama anataka ya kufukuza au ya kuchoma.

Alirudi nyumbani bila kununua. Mkwe wake, mume wa binti yake, fundi wa simu, alikaa jioni nzima akimsomea maelezo ya wauzaji wa mtandaoni. Tochi moja ilisifiwa kwamba inawasha kiberiti kwa mbali. Nyingine iliandikwa kuwa ni salama kabisa, na chini yake pakaandikwa usimulike macho. Mkwe alishauri achukue yenye nguvu kuliko zote, maana ghala ni refu. Binti alimkatiza mumewe, akamwambia mama yake achukue ndogo kuliko zote. Wawili hao wakaanza kubishana wao kwa wao, na Mama Filimbi akaenda kulala akiwa na daftari lenye maswali ishirini na mbili.

"Kila nililofuta, mawili yaliota," anasema.

Siku ya tatu alirudi dukani akanunua ile ya miliwati tano, akifuata ushauri wa binti ingawa aliihofia kuwa dhaifu. Akipokea chenji, muuzaji akamwinamia na kumnong'oneza asiwe na wasiwasi, lebo ile ni ya kupitia ukaguzi tu, ndani mna nguvu ya kutosha. Tena akampa zawadi ya miwani ya kinga, vioo vya kijani kibichi.

Alisimama nje ya duka na mfuko mkononi asijue amwamini nani. Kama lebo ilisema kweli, muuzaji ni mwongo. Kama muuzaji alisema kweli, lebo ni ya uongo, na basi amebeba kitu asichokijua. Pesa ilikwisha kutoka. Akaenda nayo kazini.

Ndege walihama siku ile ile. Msimamizi alipita, akatazama juu, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Siku ya pili, Mama Filimbi aliona nukta ya kijani imetoboa tundu dogo kwenye mfuko mweusi wa plastiki uliosahauliwa juu ya mbao. Lilitoa moshi mwembamba. Alilitazama tundu lile muda mrefu. Akajiambia huenda lilikuwapo tangu zamani.

Siku ya tatu, karani wa mizani aliingia kufuata kitabu chake bila Mama Filimbi kujua. Mwanga uligonga bomba jipya la hewa, bati linalong'aa kama kioo, ukageuka. Mama Filimbi hakuona ulikokwenda. Alisikia tu kitabu kikianguka.

Karani alikuwa ameketi chini, kiganja kwenye jicho la kulia. Hakulia wala kulaumu. Alisema kila anapotazama anaona doa, na doa linamfuata. Alimwomba amsogezee mizani. Akafumba jicho la kushoto, akajaribu kusoma namba, akashindwa.

"Nilitaka aseme neno, hata tusi," anasema Mama Filimbi. "Yule ana watoto wanne, na kazi yake yote ni kusoma namba. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kitufe."

Walikwenda kliniki ya macho pamoja, yeye akimshika mkono kama anayempeleka mdogo wake. Daktari alimtazama karani kwa vyombo vyake kwa muda wa saa nzima. Palikuwa na uvimbe ndani ya jicho, kwa nyuma, pale picha inapoangukia. Kwa kuwa bati lilikuwa na mkunjo, mwanga ulitawanyika kidogo. Yaelekea jicho litapona, alisema, lakini hakuahidi. Kisha akaiomba ile tochi, akaisoma lebo, akauliza nani aliyeipima.

Swali hilo Mama Filimbi hakuwahi kuliwaza. Kumbe hupimwa?

Daktari alimpa jina la mwalimu wa maabara katika chuo cha ufundi, mtu mwenye kipimo cha nguvu ya mwanga. Mwalimu huyo, mzee mfupi asiye na haraka, aliifunga tochi kwenye kishikio, akawatoa watu wote mbele yake, akabonyeza. Lebo ilisema miliwati tano. Kipimo kilisema tisini na tatu. Akaweka kichujio kinachozuia kijani, na kipimo kikabaki kinasoma namba nyingine, arobaini na kitu.

Mama Filimbi aliuliza arobaini hizo ni za nini, ilhali ukutani hapaonekani kitu.

"Ndiyo shida yenyewe," mwalimu akamjibu. "Hizi za bei ya chini hutengeneza kijani kutokana na mwanga usioonekana. Kiwanda kikiruka kichujio, ule usioonekana unatoka nao. Jicho halijui, kwa hiyo halifumbi."

Halafu akaiomba ile miwani ya zawadi. Akamwambia aivae na atazame nukta ukutani, si tochi. Nukta ilikuwa pale pale, inang'aa vile vile. Kioo cha kijani huruhusu kijani kipite, mwalimu alieleza. Miwani ya kweli kwa mwanga huu huwa na rangi ya chungwa au nyekundu, na huandikwa pembeni inazuia mwanga gani na kwa kiasi gani.

Kilichomchanganya zaidi ni kilichofuata. Mwalimu alisema jicho huuona mwanga wa kijani upesi kuliko rangi nyingine karibu zote, na ghala lake lina kiza. Basi nguvu kubwa hana haja nayo hata kidogo. Tano za kweli zinamtosha na kubaki, na hizo nazo si za kuchezea.

"Nikamwambia, mwalimu, yaani siku zote hizi nilikuwa naiogopa ile ndogo kwamba ni dhaifu, kumbe ndiyo niliyokuwa naitafuta?" anasimulia. "Akasema ndiyo. Na kumbe ndogo niliyoinunua haikuwa ndogo. Nikamwomba arudie pole pole."

Alirudia mara tatu. Asinunue mahali ambapo hawezi kurudi. Aende kwa wanaouza vifaa vya wapima majengo, ambao nao hutumia leza, adai karatasi yenye namba na anwani ya muuzaji, kisha ailete ipimwe. Bei itakuwa juu kidogo, na atakuwa amelipia ukweli wa lebo.

Ilikuwa juu kweli, ujira wa siku saba. Msimamizi alikwishatoa sehemu yake, na haikurudi. Ile tochi ya kwanza mwalimu aliifungua vipande mbele yake ili isije ikamfikia mtu mwingine.

Aliyemwokoa ni karani wa mizani. Juma la pili doa lilikuwa limefifia. Juma la nne daktari alimruhusu kusoma namba. Siku aliyorudi kazini alimwekea Mama Filimbi bahasha mezani, ndani nusu ya bei ya tochi mpya. Alikataa. Karani akamsukumia tena.

"Si zawadi, mama," alimwambia. "Mimi nafanya kazi chini ya hilo paa. Nataka nijue kinachopita juu ya kichwa changu."

Ilipopimwa, tochi mpya ilisoma nne na nukta mbili, na mwanga usioonekana haukusomeka kabisa. Mama Filimbi alimwomba mwalimu apime tena, akidhani mashine imechoka.

Sasa ni miezi saba. Bomba la hewa limepakwa rangi isiyong'aa. Mlango hufungwa komeo kabla hajabonyeza. Mnunuzi aliyerudisha lori amechukua mengine manne, na ule mwezi mmoja hakuna aliyeutaja tena. Njiwa wachache wamemzoea, na haelewi kwa nini wanane hao tu. Hubadilisha saa na pembe za kumulika, nao hubadilisha mbao za kukalia. Mvua zijazo anataka matundu ya juu yazibwe kwa wavu, asimulike kabisa.

Lakini kabla ya wavu kuna Jumamosi. Wafukuza ndege wa maghala ya jirani walisikia habari za karani, wakaanza kumletea tochi zao, kila mmoja akitaka aambiwe yake ni salama au la. Huwajibu kwamba hajui, na kwamba wao pia hawajui. Mwalimu amekubali kuwafungulia maabara asubuhi nzima, bure.

Zimefika tisa. Amezipanga kwenye kikapu, kila moja ndani ya soksi, betri zimetolewa, na jina la mwenyewe limebandikwa na lebo yake imenakiliwa kwenye daftari. Pembeni ya kila lebo ameacha nafasi tupu.

"Hapo ndipo tutaandika ya kweli," anasema.