Usimuulize, Piga Kelele

Jumamosi za mtaa wetu zilinukia sabuni ya mche. Kabla jua halijashika vizuri, kina mama walikuwa wamekwisha kupanga makarai kwenye bomba la pamoja, na harufu hiyo, ikichanganyika na moshi wa majiko ya makaa, iliingia mpaka ndani ya blanketi letu kutuambia kwamba leo hakuna shule lakini hakuna kulala pia. Nyumba zilikuwa za mstari, zimebanana migongo, si mbali na Soko la Burma, Nairobi. Upepo ukigeuka mchana tulinusa nyama choma ya watu wengine. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Baba alikuwa dereva wa lori la mwenye duka la jumla, mtu wa kushinda barabarani wiki nzima, na Mama aliuza nguo za watoto kule Gikomba, soko la mitumba. Watoto tulikuwa wawili tu, mimi na dada yangu Mwende. Mimi nilikuwa na miaka minane, yeye kumi na miwili.

Niseme tu ukweli, dada yangu alikuwa anachosha kwa mambo ya haki. Tukicheza kati, mpira wetu wa soksi ukikugusa unatoka, na sote tulikuwa waongo wakubwa: haijanigusa, imepita, wewe huoni. Mwende alijitoa mwenyewe hata kama hakuna aliyeona. “Imenigusa,” anasema, huyo anaenda kukaa ukutani, nasi tunamcheka kama mjinga. Lakini ugomvi ukizuka, watoto wa mstari mzima walisema twende kwa Mwende aamue, na akiamua mambo yameisha. Mimi kosa nililijua kwa njia moja: kosa ni kile ambacho Mama amekiona. Asipokiona, basi hakuna kitu. Mwende alikuwa na swali lake moja la kuniudhi, “Na kama ungekuwa wewe?” Nilimwambia mimi si yeye, aniache.

Kazi yake ya Jumamosi alasiri ilikuwa kulinda nguo. Asiyekulia mitaa ile huenda akashangaa nguo zinalindwaje, lakini shati lililoachwa peke yake kwenye kamba lilifika Gikomba kabla halijakauka. Kwa hiyo kina mama wakitoka, walimwachia mtoto mmoja kamba zote. Mwaka uliotangulia mtoto wa jirani alimwona mtu asiyemjua, akamuuliza kwa adabu hizi nguo ni zako, akapigwa kofi na nguo zikaenda. Tangu hapo Mama alitukaririsha kama sala: ukiona mtu usiyemjua ameshika nguo, usimuulize, piga kelele. Kulikuwa na sheria nyingine ambayo hatukukaririshwa na mtu, tuliiona tu ikifanywa. Mvua ikianza, aliye karibu anaanua nguo za kila mtu, zake na zisizo zake, na kumpelekea kila mwenyewe mlangoni.

Hivyo ndivyo Mama alivyoanua nguo za wapangaji wapya wa chumba cha pembeni, familia iliyokimbia vita nchi jirani. Walikuwa hata hawajamaliza mwezi. Mwende ndiye aliyezikunja na kumpelekea mke, tuliyemwita Mama Zahra kwa jina la binti yake mdogo. Mume, Yusuf, tulikuwa hatujamwona sawasawa. Alitoka kukiwa bado na giza kwenda dukani kwa ndugu yake na kurudi kukiwa giza tena.

Jumamosi hiyo Mwende alikuwa amekaa chini ya ukingo wa paa, sinia mapajani, akichambua mchele. Mimi nilikuwa hatua chache, nikirusha gololi za banta na wenzangu. Alipoinua kichwa aliona mwanamume asiyemjua katikati ya kamba, kakumbatia rundo la nguo, suruali ya kazi ya Baba iko begani kwake. Akafanya alivyofundishwa. Alipiga kelele moja tu, “Mwizi!”, na ilitosha. Wanaume waliokuwa wakicheza drafti kwenye kona walifika mbio, na wa kwanza alikuwa Baba Kevo, aliyetutengenezea redio bila kutudai na kutuombea kabla ya kula kila alipotutembelea. Siwezi kueleza walichofanya. Niliwajua wote kwa majina ya watoto wao. Yusuf, maana ndiye aliyekuwa, karudi mapema siku hiyo, alikuwa akisema kitu kwa lugha yake, anasema na kuonyesha juu, na hakuna aliyetazama juu mpaka mkewe alipotoka mbio na kujitupa katikati yao. “Mvua,” alisema. “Yeye toa nguo. Mvua.” Hapo ndipo niliposikia matone kichwani mwangu. Watu walirudi nyuma mmoja mmoja, wakaingia majumbani mwao. Yusuf alifia njiani akipelekwa hospitali.

Wakubwa waliita jambo lile bahati mbaya, wakakubaliana hivyo haraka sana. Mwende alikataa kula. Kesho yake alimuuliza Mama, na mimi nipo, “Yeye alikuwa anafanya vizuri, na mimi nilikuwa nafanya vizuri. Sasa nani alikosea?” Mama alimwambia aache maneno hayo. Akampikia chapati siku ambayo haikuwa sikukuu, akamletea gauni zuri kutoka Gikomba, na Mwende hakuligusa. Baba Kevo alipokutana naye bombani alimshika kichwa kwa upole akamwita askari wetu. Dada yangu alitapika palepale. Nadhani kama mtu mzima mmoja angesema tulikosea sisi, dada yangu angepona. Badala yake walimsifu.

Alitaka kitu kimoja tu: kwenda chumba cha pembeni amwambie Mama Zahra kwamba aliyepiga kelele ni yeye, na kwamba anaomba msamaha. Mama alikataa kabisa. Akienda huko, polisi watajua pa kuanzia, watauliza ni nani waliompiga Yusuf, na hao waliompiga ndio majirani zetu. Baba aliporudi safarini alisema vivyo hivyo, maneno yaishie hapo. Siku ndugu za marehemu walipokuja na mkokoteni kuhamisha vyombo, Mama alifunga mlango akauegemea kwa mgongo. Mwende hakulia kwa fujo. Alisimama mbele yake mikono chini. “Mama, nifungulie. Nimwambie tu.” Mama alitazama pembeni. Dirishani niliona godoro likifungwa kamba, na Zahra akipandishwa juu yake. Mwende alisema nifungulie mpaka magurudumu hayakusikika tena.

Baada ya hapo watoto waliendelea kumletea kesi zao, naye akawajibu, “Sijui.” Wakaacha kuja. Alipomaliza shule ya upili alienda Eldoret na hakurudi kuishi nasi.

Mimi sasa nina binti wa umri aliokuwa nao Mwende wakati ule. Siku hizi, jambo likinishinda, najikuta nauliza lile swali lake, na kama ungekuwa wewe, na nikilielekeza kwa Mama sipati la kumhukumu nalo. Alikuwa mwanamke mwenye watoto wawili, mume yuko barabarani, majirani wamekwisha kuua mtu mchana kweupe. Aliogopa. Pengine mimi pia ningeuegemea mlango ule, na hilo linaniumiza kuliko yote.

Mama ni mzee, anaishi nami hapa mtaa wa Tena. Mwende hunipigia kila Jumapili, tunaongea ya watoto na ya kazi, na Mama hukaa kwenye kochi akisikiliza. Nikikata simu huniuliza, “Ameniulizia?” Dada yangu hajawahi kumuulizia. Niliwahi kumwambia Mwende kwamba Mama anazeeka, aongee naye hata kidogo. Akaniuliza watoto wanafunga shule lini. Basi namjibu Mama kwamba ndiyo, amekusalimu sana. Mtoto niliyekuwa angesema huo ni uongo na si kosa, maana Mama hajaona. Lakini Mama ananitazama usoni, anauona uongo vizuri tu, na kunishukuru.