Vidole vya Mama Masanja

Nilipokuwa mtoto wa darasa la saba pale Katoro, vidole vya mama yangu viligeuka kuwa muujiza wa kanisa zima, nami nilijivunia vidole hivyo kama wenzangu walivyojivunia viatu vipya.

Mama alikuwa akiponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, yeye na wanawake wenzake, jirani na karasha la kusagia mawe. Miaka ya kazi hiyo ilikuwa imelainisha ncha za vidole vyake kama sabuni iliyokaribia kuisha. Kaka yangu Masanja alikuwa ameondoka kufuata machimbo mapya, baada ya kugombana na mama kwa sababu alikataa kubatizwa na mchungaji wetu. Hatukujua yuko wapi. Alikuwa na namba ya mama tu, na kila Jumapili jioni alipiga kwa simu ya kuazima, akasalimia, akakata. Ilimtosha mama kwa wiki nzima.

Ndipo likaja tangazo: laini zote za simu zisajiliwe kwa kitambulisho na alama za vidole, isiyosajiliwa itafungwa. Mchungaji alikuwa akitufundisha siku za mwisho tangu zamani. Vita ya nchi za mbali, wakuu wa dunia wakikutana, mafuta yakipanda bei, vyote vilikuwa na aya zake. Chapa ya mnyama, alisema, haitakuja na pembe, itakuja na meza, mashine na foleni. Hata uchaguzi tuliuona hivyo hivyo: mgombea wa chama hiki na wa chama kile wote wanaandaa serikali moja ya dunia, sasa kura ya nini? Mtendaji wa kata alipoitisha mkutano kuhusu maji machafu ya karasha yaliyokuwa yakiingia kisimani, mama na wenzake hawakwenda. Tuliyanywa maji hayo tukingoja parapanda.

Lakini kwa ajili ya Masanja, mama alikwenda kusajili laini yake. Hilo lazima niliseme, maana aliogopa kweli kweli na bado akaenda. Tulipanga foleni pale ofisini kwa mtendaji tangu asubuhi hadi jua likawa utosini. Kijana wa mashine akamwambia aweke kidole gumba. Hakikusomeka. Mama akajaribu vyote kumi, akivifuta kwa kitambaa kimoja kimoja, wala hakuna kilichosomeka. Kijana akamshauri kwa heshima apumzike kuponda mawe wiki mbili tatu, ajipake mafuta, kisha arudi.

Mama alivitazama viganja vyake. Niliona hofu ikiondoka usoni mwake.

"Kabula," akaniambia, "Mungu amevifuta mwenyewe."

Jumapili iliyofuata alisimamishwa mbele, akainua mikono, kanisa likalia machozi. Wiki hiyo wanawake walianza kusugua vidole kwenye mawe makusudi. Nami nilijificha nyuma ya choo nikasugua gumba langu mpaka likatoka damu. Sikutaka mama anyakuliwe mimi nibaki. Kovu lipo hadi leo.

Nilimuuliza mama, "Mayu, sasa kaka atapiga wapi?"

"Aliyevifuta vidole anajua njia ya kumleta."

Mama hakurudi kwenye mashine, na laini ikafungwa. Jumapili jioni mama aliendelea kukaa na simu mapajani, kwa mazoea, mpaka giza likaingia.

Leo hii nasajili laini za simu chini ya mwavuli, Nyasubi, Kahama, na mama naishi naye. Wakija wanawake wa mawe, nawapaka mafuta, nawaambia tujaribu kidole kingine, na wengi husomeka. Simcheki mama kwa imani yake, mimi mwenyewe nasali. Ila nina hasira, nayo sijui niiweke wapi. Tuliambiwa tuwaogope wakubwa wa dunia nzima, na hofu ile ikaishia kumfungia mlango kijana wetu mmoja.

Mwaka jana niliipiga namba ya zamani ya mama. Akapokea mwanamume mstaarabu, akasema aliinunua dukani huko Mbeya ikiwa mpya. Nikamuuliza kama kuna mtu aliwahi kupiga akimtafuta Mama Masanja.

"Alikuwepo kijana. Alipiga Jumapili kama tatu hivi. Mara ya mwisho nikamwambia namba ni yangu sasa. Akaniuliza kama mama yake ameiacha makusudi, asimpate. Nikamwambia ndugu yangu, mimi sijui."

Namba ya kijana huyo hakuihifadhi.

Mama bado anasikiliza taarifa ya habari kila jioni. Ikitajwa vita yoyote, anaizima redio, anasema siku zimekaribia, Masanja tutamwona kulekule mbinguni. Namwitikia amina. Sijamwambia kwamba alipiga.