Swali la mhamishaji tovuti wa Meru: kwa nini majina 63 yalikuwa yamelala?

Saa mbili na nusu asubuhi, Karambu Mithika ameshahama mara kumi na nne bila kuinuka kitini.

Ofisi yake ni chumba kimoja juu ya duka la pembejeo mjini Meru. Upande wa kushoto wa kioo cha kompyuta imefunguka tovuti ya zamani, upande wa kulia mpya. Anachukua ukurasa huku, anaubandika kule, kisha anaupitia kwa jicho kutoka juu hadi chini. Jedwali limevunjika, analiunga. Picha imepotea, anaisaka.

"Watu wanadhani ni kunakili na kubandika tu," anasema, macho hayatoki kwenye kioo. "Maneno hayana shida, maneno yanahama. Kinachobaki nyuma ni vile yalivyokuwa yamekaa."

Somo hilo Karambu, mwenye umri wa miaka 34, alilipata Maua kabla hajagusa kompyuta. Mamake alikuwa akifunga miraa, naye akimsaidia wakati wa likizo kupanga vijiti vititani, virefu na virefu, vifupi na vifupi. "Ukifungua kitita ukakichanganya, miraa ni ile ile, lakini mnunuzi hakitaki tena."

Hakuna chuo kilichomfundisha kazi hii. Alifagia saiba moja, duka la intaneti, kwa miaka miwili, akijifunza kwa kuchungulia mabegani pa wateja. Leo analipwa shilingi hamsini kwa ukurasa.

Kazi iliyo mezani ni ya mradi wa maji wa wakulima karibu na Gachoka, Mbeere Kusini. Wenyewe wanauita Mtaro. Kurasa ni 217. Kampuni inayohifadhi tovuti ya zamani inafunga mitambo yake mwisho wa mwezi, na kisichohamishwa kufikia hapo kimekwenda.

Ukurasa wa wanachama, wenye majina 412, ulihama siku ya tatu. Karambu alibonyeza kitufe chake cha kusafisha, kile kinachopangusa rangi na mitindo yote ya zamani kwa mpigo mmoja. Orodha ikatoka inang'aa. Kamati ya mradi ikamsifu.

Ni alipokuwa akilinganisha ndipo alipoona. Kushoto, baadhi ya majina yalikuwa kwa herufi za mlazo, zile zinazoegemea upande. Kulia, yote yalisimama wima. Akayahesabu yaliyolala: sitini na matatu.

Walikuwemo wanaume na wanawake, wa vijiji vyote vitatu vya mradi. Hakuona kinachowaunganisha. Akampigia Munene, katibu wa kamati.

"Ni urembo tu huo, madam. Mzee aliyeitengeneza alikuwa anajaribu jaribu mashine."

"Urembo wa watu sitini na watatu peke yao?"

"Wewe bandika. Hiyo ya sasa ni safi, kila mtu yuko sawa na mwenzake."

Mwingine angebandika. Shilingi hamsini hailipi mtu kuuliza maswali.

"Lakini swali halikuniacha," anasema Karambu. "Mtu hawezi kulaza majina sitini na matatu kwa bahati. Kila moja lazima ulichague, ubofye, uende kwa lingine. Huyo mtu alikuwa na sababu zake."

Chini kabisa ya tovuti ya zamani kulikuwa na jina la mtengenezaji, Mwalimu Nthiga. Nambari yake ya simu ilishakufa. Jumamosi, Karambu alipanda gari kwa nauli yake mwenyewe hadi Gachoka, akauliza dukani, akaelekezwa.

Alimkuta mwalimu huyo mstaafu wa miaka 71 uani kwake, akipepeta ndengu.

"Umetoka Meru yote hiyo kuniuliza habari ya herufi?" Mzee alicheka hadi ndengu zikamwagika. "Wenzako wakija huku huniuliza kama nauza shamba!"

Kisha akamwambia. Waliolala ni waliochimba. Mwaka wa 1994, kabla ya bomba, watu hao walichimba mtaro wa kilomita tisa kwa sururu na majembe kwa miezi saba. Wakakubaliana kwamba kiangazi kikibana, siku mbili za kwanza za kila wiki maji yafunguliwe kwa wachimbaji, kisha ndio wengine wafuate. Katiba ya mradi inasema hivyo hadi leo: wachimbaji "kama walivyoonyeshwa katika orodha".

"Na orodha yenyewe haisemi ni akina nani?" Karambu aliuliza.

"Inaonyesha! Kwanza nilipiga mstari chini ya majina yao. Watu wakawa wanabofya jina la Igoki, jirani yangu hapa, wakidhani ni kiungo, wanangoja lifunguke. Nikatoa mistari, nikayalaza."

"Lakini mwalimu, hukuandika popote kwamba waliolala ndio wachimbaji."

"Nimwandikie nani, msichana wangu? Kila mtu alijua. Tulichimba pamoja."

Kitabu cha kwanza cha mradi kililiwa na mchwa ofisini. Ushahidi uliobaki ulikuwa kwenye tovuti inayozimwa, na nakala yake mpya Karambu mwenyewe alikuwa ameipangusa.

"Mimi ndiye niliyewafuta," anakumbuka. "Na nikapigiwa makofi."

Katika nchi hii wanyonge wamepotea kwenye orodha kwa kila njia. Orodha za mashamba zilishika moto. Orodha za wanachama zililowa mvua, au zikaliwa na panya ambao kila mara walichagua kurasa zile zile. Sasa imekuja njia ya kistaarabu zaidi, ya kusafisha.

Hatua chache kutoka kwa mwalimu anaishi Gladys Igoki, 66, mjane. Kiangazi kilichopita, anasema, ni zile siku mbili zilizookoa mbuzi wake wote sita.

"Nilichimba nikiwa na mimba ya miezi sita," anasema. "Hawa wa kamati walikuja bomba limeshafika, na viatu safi. Wakisema tuko sawa, waniambie malengelenge yao yako wapi."

Karambu alimsomea majina yote 63 athibitishe. Igoki aliyapokea moja moja. Huyu amekufa, huyu amehamia Embu, huyu bado ana deni langu la kuku. Kwa jina la Riungu akaruka.

"Riungu? Huyo hakushika jembe hata siku moja! Alikuwa akileta uji." Akajirudi mwenyewe. "Hapana, mimi shosho yako nimekosea. Mwache. Bila ule uji tungekufia mtaroni."

Aliporudi Meru, Karambu hakuyalaza majina tena, maana kitufe chochote kingeyasimamisha. Aliongeza safu nzima kwenye jedwali, kwa maneno: "Alichimba mtaro, 1994." Simu ikalia siku hiyo hiyo.

"Madam, wewe ni wa tovuti ama wa siasa?"

"Mimi ni wa kuhamisha, bwana katibu. Kilichokuwa kule sasa kiko hapa."

"Sisi tunataka ile safi. Ukifika Ijumaa hujaitoa hiyo safu, kurasa zilizobaki tunampa mtu mwingine."

Munene, ambaye familia yake ilijiunga mwaka wa 2011, hakatai kwamba alisema hivyo. "Wote wanalipia maji bei moja," aliliambia gazeti hili. "Jembe la miaka thelathini litatutawala hadi lini?"

Ni swali halali. Ila lilipaswa kuulizwa mbele ya wachimbaji.

Ijumaa ilipita, safu haikutolewa, na kurasa 96 zilizokuwa zimebaki zikaenda kwa mtu mwingine. Safu yenyewe bado ipo, kwa kuwa huyo mpya amepewa kurasa zilizobaki tu. Mkutano mkuu wa wanachama ni tarehe 27, siku tatu kabla ya tovuti ya zamani kuzimwa. Karambu ameazima projekta ya kanisa lake. Anapanga kwenda kuonyesha kurasa hizo mbili ukutani, ya zamani na mpya, kandokando.

"Wakiinua mikono wakasema hakuna tena wa kupata maji kwanza, nitaifuta hiyo safu mimi mwenyewe, pale pale, bila kulipwa," anasema. "Lakini safari hii nitafuta wenyewe wakiwa wananitazama."