Shimo la Mbegu Mbili

Saa mbili asubuhi, jua limeshapanda ukutani, na Mama Karanga amechutama nyuma ya jiko lake akihesabu miche kwa kidole. Tatu. Tatu. Tena tatu. Mlangoni amesimama binti yake, muuguzi, bado amevaa sare ya kazi, na hataki kukanyaga bustanini.

“Umehesabu vibaya, mama,” anasema.

“Njoo uhesabu wewe basi. Macho mazima si ndiyo yako?”

Binti haji.

Bustani yenyewe ni kiganja tu: mistari sita kati ya ukuta wa jiko na kamba ya kuanikia nguo. Kwa miaka kumi na tisa mama huyu amepanda karanga hapo, akazichemsha na kuziuza langoni mwa hospitali. Madebe manne kwa msimu si utajiri, lakini ndiyo yaliyomsomesha binti huyo huyo mpaka akaivaa sare hiyo.

Mumewe alikuwa fundi mwashi, na mbishi kupindukia. Yeye alifukia mbegu tatu kila shimo. Mkewe alishikilia mbili.

“Tuligombana kila msimu,” anasema, akicheka peke yake. “Nikimwambia zitabanana, ananijibu, panda mistari yako, niachie wangu wa ukutani.”

Alifariki miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo mama anapanda mbili mbili bustani nzima, na kila msimu mstari wa ukutani unaota tatu tatu.

Binti alidhani ni upweke unaomchezea mama yake. Msimu huu akaamua kuyamaliza: akauchekecha udongo wa mstari ule kwa chekeche la mchanga la marehemu, isibaki punje ya zamani, kisha akapanda kwa mkono wake. Mashimo ishirini na mbili, mbegu arobaini na nne. Wakawekeana ahadi: zikiota mbili mbili, mama afunge nyumba akaishi kwake, zikiota tatu, asisumbuliwe tena.

Leo ni siku ya tisa. Miche ni sitini na sita.

“Mbegu nilizihesabu mara mbili,” binti anasema kwa sauti ya chini. “Haki ya Mungu, mara mbili.”

Mama ameshinda, lakini hana raha ya mshindi. Anaogopa, na hafichi. Karanga ni mmea wa ajabu hata bila hayo, anaeleza: ua huchanua juu, kisha kikonyo chake huinama na kujichimbia ardhini, kizae gizani.

“Kitu kinajizika chenyewe. Utajuaje kimekutana na nani huko?”

Hata hivyo haondoki. Msimu ujao amepanga kukubali yaishe: mstari wa ukutani atafukia tatu mwenyewe. “Mbishi wangu ameshinda. Apumzike sasa, jamani.”

“Na zikiota nne?” binti anauliza.

Mama anapangusa udongo mikononi, taratibu, kidole kwa kidole.

“Hapo nitafunga nyumba, mwanangu. Baba yako hakuwahi kuzidisha tatu.”